Damu Iliyoandikwa Inafaa

Yeslam Said aliingia hospitalini kuosha chupa. Ilikuwa mwaka wa 1931, na hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya wafadhili, upande wa Makadara. Majengo yake yalivunjwa zamani. Babake alikuwa mshona kofia za vito, zile za kutobolewa vitundu kwa sindano, pale Kibokoni, na Yeslam mwenyewe alishika sindano tangu utotoni, kwa hiyo macho yake yalizoea kuona vitundu ambavyo watu wengine huviona kama vumbi. Siku moja Mgoa aliyekuwa akiendesha maabara alimweka mbele ya darubini, akamwuliza yuwaona nini. Yeslam akamwelezea wadudu wa malaria mmoja baada ya mmoja, na jinsi huyu alivyotofautiana na yule. Yule Mgoa alivuta kiti cha pili, akakiweka karibu na chake.

Miaka sita baadaye Mgoa akarudi kwao, na maabara ikabaki mikononi mwa Yeslam. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, meza ya mawe na jiko la mafuta ya taa. Kwenye karatasi za mshahara aliendelea kuitwa mtumishi.

Vita vilipokuja, ikaja na kazi ya kutia watu damu. Daktari mkuu, Mwingereza aitwaye Tarrant, alitaka mambo mawili tu yafanywe kabla ya chupa ya damu kutundikwa. La kwanza, kujua kundi la damu ya mgonjwa na la mtoaji. La pili, kuchukua yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ya mgonjwa ikishaganda, na kuyachanganya na chembe za damu ya mtoaji juu ya kigae cheupe. Chembe zikielea kila moja peke yake, damu yafaa. Zikishikana vipandevipande kama maziwa yaliyokatika, damu hiyo ikiingia mwilini ni sumu.

Yeslam aliongeza la tatu. Mwaka wa 1942 alikuwa ameazimwa miezi mitatu na hospitali ya wanajeshi, na huko aliwaona wakiutia mchanganyiko ule katika vichupa vyembamba, wakiviacha saa nzima ndani ya maji ya uvuguvugu kama joto la mwili, kisha wakitazama kwa darubini. Aliporudi akawa afanya hivyo hivyo. Tarrant aliona ni kupoteza wakati, lakini hakumkataza.

Yeslam alikuwa na ndugu mmoja tu, Alawiya, mdogo wake kwa miaka minane. Mama yao alifariki Alawiya akiwa bado hajasimama vizuri, na Yeslam ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka chuoni kusoma Kurani mvua ikinyesha. Alikua msichana wa maneno mengi, mcheshi, asiyeweza kuficha kicheko hata matangani. Aliolewa na Jaffar, muuza samli na mafuta ya simsim pale Marikiti, mtu mpole aliyempenda mkewe mbele za watu bila haya. Mwaka wa 1934 wakapata binti, Afaf, mwenye afya na sauti ya kuamsha mtaa.

Baada ya Afaf, mambo yakaharibika. Mtoto wa pili, mvulana, alizaliwa akilia vizuri. Siku ya pili macho yake yalikuwa manjano, ya tatu manjano imeshuka hadi nyayoni, ya nne akazikwa. Wa tatu, msichana, hakumaliza siku. Wa nne alifia tumboni, akatoka amevimba hata wanawake waliomwosha wakakataa kumweleza Alawiya alivyokuwa.

Mamake Jaffar hakuwa na shaka. "Mwanamke huyu ana kitu tumboni," alikuwa akisema, naye Alawiya yuwasikia. "Kilimwacha wa kwanza makusudi, ili tusishtuke. Sasa chala kila kinachoingia."

Alawiya akanyweshwa kombe la aya za Kurani, akavishwa hirizi, akafukizwa ubani hadi akazirai. Jaffar akashauriwa aoe mke wa pili, akakataa. Hilo ndilo lililomfanya Alawiya abebe mimba ya tano, mwaka wa 1943, ingawa nduguye alimsihi apumzike.

"Nipumzike hadi lini, kaka?" alimwuliza. "Hadi mamake Jaffar apate huyo mke amtakaye?"

Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, mwezi wa Machi 1944, joto likiwa kali hata mawe ya kuta yalikuwa moto kuyagusa. Mtoto alitoka amekufa. Damu ikamfuata na haikukoma. Walimfikisha hospitalini baada ya sala ya adhuhuri, midomo yake imekuwa na rangi ya majivu.

Yeslam akampima. Kundi O. Akajipima na yeye, ingawa alijua jibu tangu zamani: A. Damu yake haikumfaa nduguye. Jaffar alikuwa amesimama mlangoni, kanzu imelowa damu ya mkewe, amekunja mkono tayari.

"Nipime mimi, shemeji. Nipime mimi."

Jaffar alikuwa O. Yeslam karibu alie kwa furaha. Akachanganya juu ya kigae. Chembe zikaelea vizuri. Eddah, muuguzi wa wodi ya wanawake, akaanza kumtoa Jaffar damu. Wakati chupa ikijaa, Yeslam akatia vile vichupa vyake ndani ya maji ya uvuguvugu, akasimama pale akivitazama. Hakungoja saa nzima. Baada ya nusu saa akatoa tone, akaliweka chini ya darubini.

Zilikuwa zimeshikana. Si vipande vikubwa. Vifundo vidogo vidogo, vitano sita, kama mchanga uliolowa. Mtu mwingine asingeviona. Akatazama kichupa cha pili, vilevile. Akachanganya chembe za Alawiya na maji ya damu ya Alawiya huyo huyo ili ahakikishe kwamba kosa halimo katika maji ya chumvi aliyosafishia chembe. Hizo hazikushikana.

Akakimbia wodini.

"Daktari, damu hii haifai."

Tarrant alikuwa ameinama juu ya mgonjwa, mikono yake myekundu hadi viwikoni. "Si kundi moja?"

"Kundi moja. Kwenye kigae ni safi. Kwenye maji ya uvuguvugu imeshikana."

Daktari akaja mwenyewe maabara, akainama kwenye darubini. Hakuwa mtu mbaya, na lazima lisemwe hilo. Alikuwa daktari mmoja wa wagonjwa sitini, hajala tangu asubuhi. Alitazama, akainuka.

"Vichupa vyako vichafu. Watu wa kundi moja, damu zao hazigombani. Una mtoaji mwingine?"

"Nipe muda, Daktari. Nitafute watu, niwapime wote."

"Nikikupa muda atakufa kwa kukosa damu. Andika inafaa."

Kulikuwa na cheti cha kijani. Bila cheti hicho kutiwa saini, muuguzi haruhusiwi kutundika chupa. Yeslam akasema tena, "Daktari," lakini Tarrant alikuwa ameshatoka. Wodini Eddah aliita kwamba mapigo ya mgonjwa hayashikiki.

Yeslam akaandika inafaa, akatia jina lake.

Mara ya kwanza ilikuwa kama muujiza. Rangi ikarudi midomoni mwa Alawiya. Akafungua macho, akamwona nduguye.

"Damu ya nani hiyo?"

"Ya mumeo."

Akacheka, kicheko chembamba. "Mwambie mamake, basi. Mimi sasa n'na damu ya kwao."

Chupa haijafika nusu, akaanza kutetemeka hata kitanda kikagonga ukuta. "Kaka, mgongo. Mgongo waniuma, wanipasuka." Eddah akaufunga mpira wa kupitishia damu. Mkojo uliotoka jioni ile ulikuwa mweusi kama kahawa, na baada ya huo haukutoka mwingine. Alikaa siku sita akivimba uso na miguu. Siku ya tano hakumtambua Afaf aliyeletwa kumwona. Siku ya sita, Jumatano, akafariki.

Kwenye cheti cha mauti Tarrant aliandika kwamba ametokwa na damu wakati wa uzazi. Yeslam alikisoma, akakinyamazia.

Matangani watu walimsifu Jaffar. Mume gani hutoa damu ya mwili wake? Watu waliokuwa hawamjui walimshika mkono msikitini. Naye Jaffar, ambaye hakula siku tatu, alipata faraja katika jambo hilo moja: kwamba alimpa alichokuwa nacho. Mamake naye akapata la kusema. "Hata damu ya mwanangu haikuweza kumtoa kitu kilichokuwa ndani yake." Maneno hayo yalizunguka Kibokoni hadi Kuze, na yaliporudi nyumbani kwa Yeslam yalikuwa yameshakuwa habari ambayo kila mtu aijua.

Miaka miwili ikapita. Jaffar alishaoa tena.

Mwaka wa 1946 kabati la daktari lilisafishwa, na majarida ya kizamani ya utabibu yakaletwa maabara yachanwe, yafungiwe chupa za choo kiletwacho kupimwa. Mengi yalikuwa bado ndani ya bahasha zake za posta. Yeslam alikuwa akichana moja, akaona katikati ya ukurasa maneno mawili ya Kiingereza aliyoyajua: mume, damu. Akaacha kuchana.

Ilimchukua wiki mbili, kwa kamusi, kulimaliza lile andiko. Lilisema kwamba ndani ya damu kuna jambo jingine, mbali na yale makundi yajulikanayo. Watu wengi wanalo, wachache hawana. Mwanamke asiyekuwa nalo akibeba mtoto aliyelirithi kwa babake, mwili wa mama huweza kulihesabu kuwa adui na kujitengenezea silaha. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Wanaofuata huzaliwa manjano, wakafa, au hufia tumboni wamevimba. Na mwanamke wa namna hiyo akitiwa damu ya mumewe, hata wakiwa kundi moja, silaha zile huivunjavunja damu hiyo ndani ya mishipa yake. Siku hizi silaha hizo twaziita kingamwili. Yeslam hakuwa na jina la kuziita. Alikuwa ameziona tu, vifundo vitano sita, kama mchanga.

Akageuza jarida atazame tarehe. Januari 1942. Miaka miwili kabla ya Alawiya, na bahasha yake haikuwa imefunguliwa na mtu kabla yake.

Alimpelekea Tarrant. Daktari alisoma amesimama, akasoma tena, akakaa.

"Tulikuwa vitani," alisema mwishowe. "Nani alikuwa na nafasi ya kusoma?"

"Lilikuwa kabatini mwako, Daktari."

Tarrant akalitia jarida ndani ya mtoto wa meza. "Asante, Yeslam," akasema, kwa sauti ile ya kumwambia mtu aende zake.

Yeslam angeweza kunyamaza. Lakini Afaf alikuwa na miaka kumi na miwili, akilala nyumba moja na nyanyake, akisikia kila siku kwamba mamake alikuwa na pepo mla watoto. Ndipo akaenda dukani kwa Jaffar wakati wa joto, wateja wakiwa wachache, akamweleza yote. Alieleza polepole. Alimwambia hakuna pepo, hakuna laana. Alimwambia pia kwamba hakuna aliyekosa katika ndoa ile. Damu mbili tu hazikupatana.

Jaffar alisikiliza akiwa ameshika kata ya kuchotea samli. "Waniambia mimi ndiye niliyewaua wanangu."

"Sisemi hivyo."

"Waniambia damu yangu ndiyo iliyomwua Alawiya."

Yeslam akaitikia kwa kichwa.

"Na kabla ya kumtia," Jaffar alisema, "mulipima?"

"Tulipima."

"Ikaonyesha nini?"

"Ikaonyesha haifai."

"Nani aliyeandika kwamba yafaa?"

Nje hamali alikuwa akipiga kelele apishwe, yeye na mkokoteni wake. Yeslam alingoja apite.

"Mimi," alisema.

Jaffar hakupiga ukelele. Aliitua ile kata juu ya kaunta, akatoka nyuma ya kaunta, akafungua nusu ya mlango iliyokuwa imefungwa kwa sababu ya jua, ili njia iwe pana. "Toka," akasema. "Na mwanangu usimsogelee."

Tangu siku hiyo hakuna habari iliyoenea ya damu wala ya jarida. Jaffar hakumwambia mtu, na habari ya pepo ikaendelea kama kawaida. Yule mke mpya alizaa mvulana, kisha mwingine, wote wanene, wenye macho meupe. Yeslam alijua sababu: ama mwanamke huyo alikuwa nalo lile jambo katika damu yake kama watu wengi, ama bahati yake ilikuwa njema. Lakini mamake Jaffar alipowabeba wajukuu hao kuwapeleka kwa majirani hakuhitaji kueleza lolote. Watu walijionea wenyewe kwamba damu ya mwanawe haikuwa na ila.

Kazini Yeslam akawa mtu mgumu. Mwanamke yeyote aliyewahi kuzaa, au kuharibu mimba, Yeslam hakutia saini cheti chake mpaka saa nzima ipite kwenye maji ya uvuguvugu. Mwaka wa 1947 aliletwa Maleka, mke wa Abdulhussein, muuza misumari na rangi. Alikuwa amepoteza watoto watatu na damu yamtoka. Damu ya mumewe ikashikana. Ya shemeji zake wawili, ikashikana. Tarrant akaagiza cheti kiandikwe hivyo hivyo. Yeslam akakitia kile kitabu cha vyeti vya kijani mfukoni mwa koti lake, akatoka nje kwenye uwanja, ambako jamaa wote wa Maleka walikuwa wamekaa wakisubiri, akawapima wote waliokuwa kundi lake. Wa kumi na moja alikuwa dadake, Razia. Yake haikushikana. Maleka akapona, akaenda nyumbani na chupa ya dawa ya kuongeza damu. Yeslam akapata barua ya onyo kwa kutotii amri na kwa kuzuia mali ya hospitali. Aliitia saini kwamba ameipokea.

Mwaka uliofuata Tarrant alistaafu, kukafanywa karamu ya chai. Daktari kijana aliyekuja badala yake alibandika ukutani karatasi ya masharti mapya kutoka Nairobi: vichupa, maji ya uvuguvugu, saa nzima, darubini. Akamwita Yeslam na kumwonyesha kwa uvumilivu mkubwa namna ya kushika kipimajoto. Pia akamletea kichupa cha dawa ya kupimia lile jambo lenyewe, tone moja kwa tone moja la damu.

"Wafahamu?" daktari alimwuliza.

"Nafahamu, Daktari," alisema Yeslam.

Mwaka wa 1949, asubuhi moja ya Jumatatu, msichana aliyevaa buibui alisimama kwenye mlango wa maabara na kuufunua uso. Yeslam alimjua kwa kidevu. Miaka mitatu alikuwa akimwona kwa mbali tu, kwenye vichochoro, akivuka upande wa pili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Babako yuwajua uko hapa?"

"Babangu ndiye aliyenambia. Jana." Alizungumza haraka, kama aliyekariri njiani. Watu watatu walikuwa wamekuja kumposa mwaka ule, na wote watatu wanawake wao waliuliza habari za mamake, wakenda zao wasirudi. Jana nyanyake alimwambia mbele ya wageni kwamba amerithi kile kitu. Ndipo babake, wakiwa wamebaki wawili, akamweleza habari ya damu, kwa maneno machache, akilia. "Akanambia, ukitaka kujua kama unayo damu kama ya mamako, nenda kwa mjombako. Mimi siwezi kwenda."

Yeslam akavuta kiti cha pili. Akamchoma kidole, akatia tone moja la damu na tone moja la ile dawa, akamwachia aangalie mwenyewe. Chembe zikashikana upesi, vipande vikubwa vyekundu vilivyoonekana bila darubini. Afaf akashtuka, akashika ukingo wa meza.

"La, hiyo ni heri," Yeslam alisema. "Hivi ndivyo itakikanavyo kwa dawa hii. Yaonyesha una lile jambo, kama watu wengi. Umelichukua kwa babako. Wanao hawatakuwa manjano kwa sababu hii. Mamako ndiye aliyekuwa hana, na kukosa kwake hakukuwa kosa."

Afaf alikaa akivitazama vile vipande vyekundu mpaka vikaanza kukauka pembeni.

"Hapana kitu tumboni mwangu?"

"Hapana kitu."

"Na mamangu hakuwa na kitu?"

"Hakuwa na kitu."

Yeslam alichukua karatasi safi, akaandika jina lake, Afaf binti Jaffar, na majibu ya kipimo, kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, kisha chini yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, ili wanawake wa nyumbani waweze kusoma. Akaikausha, akampa. Afaf akaisoma hadi mwisho. Alisoma vizuri, mamake ndiye aliyemfunza.

"Nitamwonyesha nani, mjomba?" alimwuliza.

Yeslam alifikiria nyumba tatu zilizokuja na kuondoka. Akafikiria bibi kizee akipokea karatasi hiyo kwa ncha za vidole. Akamfikiria Jaffar, ambaye angelazimika kusimama barazani na kusema mbele ya watu damu ya nani ilifanya nini.

"Sijui," alisema.

Afaf akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani, akaushusha ukaya usoni. Alishukuru kwa adabu. Yeslam akamsindikiza hadi langoni, akasimama akimtazama akishika njia ya kwao. Kisha akarudi ndani, kwa sababu wodi ya wanawake ilikuwa imeleta damu ya kupimwa, na maji yalikuwa bado hayajapata moto.